Wingi wa DNA katika saratani ya kichwa na shingo: leza, picha ya darubini, au kwanza slaidi isomwe vizuri

Hapa Nyanda za Juu Kusini kipimo cha wingi wa DNA kwenye seli za uvimbe huulizwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni daktari wa kinywa mwenye mgonjwa wa doa jeupe pembeni mwa ulimi. Biopsi imerudi na neno displasia, yaani seli zimeanza kupotoka lakini bado si saratani, na anataka kujua kama doa lile litageuka saratani au litatulia. Wa pili ni daktari wa masikio, pua na koo ambaye mgonjwa wake tayari ana saratani ya ulimi, tonsili au zoloto, na anataka kujua ugonjwa utakwendaje baada ya tiba. Kipimo ni kilekile, lakini thamani yake kwa hawa wawili haifanani hata kidogo.

Msimamo wetu tunauweka wazi mapema. Kwa doa lenye displasia, kipimo hiki kina kazi, na kifanywe kwa njia ya picha ya darubini. Kwa saratani iliyokwisha kuthibitishwa, fedha na siku za kusubiri ziende kwanza kwenye kina cha uvamizi, kingo za nyama iliyokatwa, tezi za shingo na, kwa koromeo, p16, protini inayoashiria saratani iliyotokana na kirusi cha HPV.

Namba inayotoka na maana yake

Kiini cha seli ya kawaida ya binadamu hubeba kromosomu 46, na DNA yake ina uzito wa pikogramu 6.6 hivi. Maabara huita kiasi hicho 2c. Seli inayojiandaa kugawanyika hufikia 4c, kisha kila moja ya seli mbili zinazopatikana hurudi 2c. Seli za saratani hugawana kromosomu ovyo: moja huchukua nyingi, nyingine chache, na baada ya vizazi kadhaa hujitokeza ukoo wa seli wenye kiasi chake cha DNA. Maabara huchukua kilele cha ukoo huo, hukigawa kwa kilele cha seli za kawaida za mgonjwa yuleyule, na kupata kigezo cha DNA. Kikiwa 1.0, uvimbe ni diploidi. Kikiwa karibu na 2.0, na seli zilizoko hapo zikizidi zile zinazotarajiwa kuwa zinagawanyika, ni tetraploidi. Kikiangukia pengine, tuseme 1.3 au 1.7, ni aneuploidi.

Kuna mtego hapa. Nakala moja ya ziada ya kromosomu ya 8 huongeza DNA ya seli kwa asilimia 2 na kidogo tu, na tofauti hiyo haionekani kwa leza wala kwa picha kwenye nyama iliyohifadhiwa kwa nta. Kwa hiyo majibu yakisema diploidi, yamesema jumla ya DNA inakaribia ya kawaida. Hayajasema kromosomu ni salama.

Njia ya leza

Hii ndiyo saitometria ya mtiririko. Viini hutolewa kwenye nyama, hutiwa rangi inayong'aa, na hupita kimoja kimoja mbele ya leza. Mashine husoma 10,000 au 20,000 kwa dakika chache. Tangu David Hedley na wenzake walipochapisha njia yao mwaka 1983, hata bloku za nta zilizokaa kabatini miaka mingi zinaweza kupimwa.

Kazi inakwenda hivi. Bloku hukatwa kwanza kipande cha mikroni 4 cha kupaka rangi ya kawaida ya darubini, H&E, kisha vipande viwili au vitatu vya mikroni 50, halafu kingine cha mikroni 4. Slaidi mbili za pembeni ndizo ushahidi kwamba katikati mlikuwa na saratani na si misuli mitupu. Nta huondolewa kwa zailini mara mbili, na nyama hurudishiwa maji kwa ethanoli ya asilimia 100, 95, 70 na 50. Inafuata kimeng'enya cha pepsini cha asilimia 0.5 kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yaliyoshushwa hadi pH 1.5, nyuzi 37, dakika 30. Viini huchujwa kwa wavu wa mikroni 40 hadi 50, kisha hukaa gizani nusu saa na rangi ya propidiamu aiodaidi mikrogramu 50 kwa mililita pamoja na RNase, kimeng'enya kinachokata RNA, mikrogramu 100 kwa mililita. RNase isirukwe: propidiamu hushika pia RNA yenye nyuzi mbili, na bila kuiondoa kilele hupanuka na kuhama.

Makosa yanajulikana. Ukikata mikroni 20 badala ya 50, kisu kinapasua viini vingi, na takataka zake hujaza upande wa kushoto wa grafu. Pepsini ikipitiliza muda, viini hupasuka. Ikikaa kidogo, seli hubaki zimegandana, na viini viwili vya 2c vilivyoshikana husomwa kama kimoja cha 4c. Ndiyo maana lazima mashine itofautishe upana wa mwanga na jumla yake, vinginevyo utaandika tetraploidi isiyokuwepo. Upana wa kilele hupimwa kwa asilimia inayoitwa CV; ikizidi 8, grafu hiyo isitolewe majibu. Nyama mbichi hutoa asilimia 2 au 3. Ya nta ikifika 5 ni kazi nzuri.

Damu ya kuku hutumika kuhakiki mashine, kwa sababu chembe nyekundu za kuku zina viini vyenye pikogramu 2.5 hivi kila kimoja. Lakini haiwezi kuwa rula ya nyama ya nta, maana formalini hubadilisha jinsi DNA inavyoshika rangi, na hubadilisha kila bloku kwa kiasi chake. Kwa nyama ya nta, kilele cha kushoto kabisa ndicho huitwa diploidi. Matokeo yake uvimbe wenye DNA pungufu kuliko kawaida hauwezi kutambulika. Kilele chake kitaitwa diploidi, na seli za kawaida ndizo zitaonekana kama aneuploidi.

Kuhusu mashine yenyewe, watu huuliza kama zile zilizoletwa kwa ajili ya kuhesabu CD4 zinafaa. FACSCount haifai; imefungwa kwa kazi moja. FACSCalibur inafaa, kwani ina leza ya nanomita 488 na inaweza kutenganisha viini vilivyoshikana. Tatizo huwa mtu na muda: mashine ikishatumika kwa propidiamu isafishwe barabara, la sivyo masalia ya rangi yataingilia sampuli za kesho yake.

Kasoro kubwa kuliko zote kwa kichwa na shingo haimo kwenye mashine. Biopsi ya kinywa ina ukubwa wa punje ya mchele, na chini ya saratani hujaa limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, kwa sababu ya uvimbe-joto. Seli za saratani zikiwa chini ya moja kati ya tano, kilele chao huzama kwenye kilele cha limfosaiti na majibu huwa diploidi. Leza haichagui seli. Inapima kila kilichomo kwenye mrija.

Njia ya picha

Hapa viini hupakwa rangi ya Feulgen, kamera ya darubini hupima giza la kila kiini, na giza hilo huwiana na DNA iliyomo. Msomaji huchagua seli kwa macho: hizi za epithelia (tabaka la juu la kinywa), hizi limfosaiti za kulinganisha. Hupimwa viini 200 hadi 300 vya uvimbe, pamoja na limfosaiti zisizopungua 30 za mgonjwa huyohuyo kwenye slaidi hiyohiyo. Rula inatoka ndani ya nyama yenyewe, na ile kasoro ya kilele cha kushoto haipo.

Slaidi ya kawaida ya mikroni 4 haifai sana, kwa kuwa kiini cha epithelia ni kikubwa kuliko hapo na kisu huacha kipande chake tu. Njia bora ni kuchukua kipande cha mikroni 50, kukimeng'enya kwa protizi, na kuvisambaza viini vizima kwenye slaidi kwa mashine ya kuzungusha. Kisha asidi hidrokloriki 5N, dakika 60, suuza, rangi ya Schiff gizani saa 2, suuza mara tatu kwa maji ya salfaiti, kausha, funika. Asidi ya 5N hupatikana kwa kumimina mililita 415 hivi za asidi ya asilimia 37 polepole ndani ya maji na kufikisha lita 1. Asidi ndiyo iingie kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi.

Sehemu inayoharibikia zaidi nyanda za juu ni ile saa moja ya asidi. Vitabu vinaandika "joto la chumba", na walioviandika walikuwa na chumba cha nyuzi 22 hadi 27. Mbeya, Njombe au Mafinga mwezi wa Juni na Julai, chumba cha maabara asubuhi kinaweza kuwa nyuzi 14. Kwenye baridi hiyo asidi haifungui DNA ya kutosha, rangi hutoka hafifu, na limfosaiti na saratani hazishiki rangi kwa kiwango kimoja, kwa hiyo uwiano unavurugika. Weka chombo cha asidi kwenye beseni la maji lenye kidhibiti, nyuzi 27.5, kisha ujaribu slaidi za limfosaiti kwa dakika 40, 50, 60 na 70 uone rangi inapofikia kileleni. Ukipita kilele, DNA yenyewe huanza kuyeyuka. Schiff iliyogeuka ya waridi chupani imepoteza gesi yake ya salfa, imwage.

| | Leza | Picha |
|---|---|---|
| Nyama inayotosha | Vipande 2–3 vya mikroni 50 vyenye saratani ya kutosha | Hata biopsi ndogo |
| Viini vinavyosomwa | 10,000 na zaidi | 200–300 |
| Nani huchagua seli | Hakuna | Msomaji |
| Kutofautisha 1.0 na 1.1 | Ndiyo, kwa nyama mbichi | Kwa shida |
| Kuona seli chache zenye zaidi ya 5c | Hupotea kwenye takataka | Vizuri |
| Muda wa mtu | Mfupi | Nusu siku kwa wagonjwa wachache |

Mstari wa seli za zaidi ya 5c una uzito kuliko unavyoonekana. Seli ya epithelia ya kinywa isiyo na ugonjwa haina sababu ya kuvuka hapo, kwa hiyo hata chache zikithibitishwa kwa macho kuwa si viini vilivyopandana, ni dalili ya kuchukuliwa kwa uzito. Leza ikiona kitu cha 5c, huwezi kurudi kukitazama. Kwenye picha unarudi, unakikuza, unaona mwenyewe.

Kwa njia zote mbili, formalini ndiyo msingi, na hapa ndipo kazi nyingi za wilayani hufia. Nyama iingie kwenye formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa pH: mililita 100 za formaldehaidi, mililita 900 za maji, gramu 4 za sodiamu fosfeti yenye hidrojeni mbili na gramu 6.5 za yenye hidrojeni moja. Ujazo uwe mara 10 ya nyama, kwa saa 6 hadi 72. Formalini iliyochanganywa kwa maji matupu huchacha, na asidi yake hukatakata DNA. Biopsi iliyokaa humo wiki mbili ikisubiri gari la kutoka Makete au Sumbawanga haitatoa kilele cha kueleweka. Kimiminika cha Bouin ni kibaya zaidi. Asidi yake ya pikriki huanza kazi ya Feulgen kabla hujafika maabara.

Kwa doa lenye displasia

Hapa lazima tuseme jambo ambalo bado linapotosha watu. Mwaka 2001 jarida la New England Journal of Medicine lilichapa utafiti wa Jon Sudbø na wenzake wa Oslo, ulioonyesha kwamba karibu madoa yote yenye aneuploidi yaligeuka saratani, na karibu yote ya diploidi yalibaki salama. Mwaka 2006 ilithibitika kuwa Sudbø alibuni takwimu, na makala hiyo iliondolewa. Bado asilimia zake zinazunguka kwenye slaidi za mihadhara na kurasa za mtandaoni. Ukiona mahali panadai zaidi ya asilimia 80 ya madoa ya aneuploidi yatakuwa saratani, tafuta namba hiyo imetoka wapi kabla ya kumwambia mgonjwa, kwa sababu mtu anaweza kukatwa sehemu ya ulimi kwa namba ya kutungwa.

Tafiti zilizofuata, za watu wengine na maabara nyingine, zimeonyesha kwamba uhusiano upo kweli, ila ni mdogo kuliko ulivyodaiwa. Wengi wenye aneuploidi hawapati saratani katika miaka ya ufuatiliaji, na wachache wenye diploidi wanapata. Faida iko kwenye kuunganisha: displasia ya wastani ambayo wanapatholojia wawili hawakubaliani juu yake, ikiongezewa aneuploidi, inasogea upande wa kukata. Displasia hafifu yenye diploidi, kwa mgonjwa anayeacha ugoro na sigara na anayeweza kurudi kila baada ya miezi 3 hadi 6, inaweza kufuatiliwa. Displasia kali ikatwe bila kusubiri DNA. Majibu ya aina yoyote yasimfungie mtu mlango wa kurudi kliniki.

Kwa saratani iliyothibitishwa

Tafiti za miaka ya 1980 na 1990 hazikupatana. Katika saratani ya kinywa, nyingi ziliona aneuploidi ikiandamana na tezi zilizoshambuliwa na maisha mafupi. Nyingine, hasa kwa waliotibiwa kwa mionzi, ziliona uvimbe wa aneuploidi ukiitikia tiba vizuri zaidi. Sababu za kutopatana zinaeleweka: kinywa, koromeo na zoloto viliwekwa kapu moja, tiba zilitofautiana, mipaka ya kigezo ilitofautiana, na uvimbe mmoja unaweza kuwa diploidi kona hii na aneuploidi kona ile. Mfumo wa TNM wa kupanga hatua za saratani, toleo la nane, hauna nafasi ya wingi wa DNA. Ulichoongeza kwa kinywa ni milimita.

Milimita hizo zinapatikana kwa darubini yoyote yenye rula kwenye jicho lake, iliyohakikiwa. Kina cha uvamizi hupimwa kwa mstari wima kutoka usawa wa utando wa chini wa epithelia nzima iliyo jirani hadi seli ya saratani iliyozama zaidi. Si unene wa uvimbe: ukipima unene, uvimbe uliochomoza juu hupewa namba kubwa kuliko stahili yake, na wenye kidonda kilicholika hupewa ndogo, kosa ambalo ni la hatari zaidi. Saratani ya kinywa isiyozidi sentimita 2 ni T1 ikiwa kina hakizidi milimita 5. Ikizidi hapo, ni T2. Kina kikizidi 10, ni T3. Katika utafiti wa hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, uliochapishwa mwaka 2015, wagonjwa wa saratani ya kinywa ya mapema walioondolewa tezi za shingo mara moja waliishi hadi mwaka wa tatu kwa asilimia 80, dhidi ya 67.5 kwa walioachwa hadi tezi zijitokeze. Kwa mgonjwa wa Ileje au Ludewa, ambaye kurudi kliniki kila mwezi ni nauli na kulala njiani, takwimu hiyo ina maana kubwa kuliko kigezo chochote cha DNA.

Kingo: milimita 5 au zaidi za nyama safi ndizo salama. Nyama hunywea ikikatwa na tena ndani ya formalini, kwa hiyo daktari wa upasuaji aache sentimita 1 inayoonekana. Aibandike kwa pini kwenye kipande cha kizibo na aweke uzi wa alama mbele na juu. Nyama iliyoviringika bila alama haina kingo za kusomeka, na hakuna kipimo cha baadaye kitakachorekebisha hilo. Tezi: zihesabiwe zote, na iandikwe kama saratani imetoboa ganda la tezi. Ganda lililotobolewa au kingo zenye saratani ndiyo sababu zinazokubalika za kuongeza dawa ya sisplatini kwenye mionzi baada ya upasuaji.

p16 ni ya saratani za koromeo, hasa tonsili na shina la ulimi. Uchanya ni asilimia 70 au zaidi ya seli kushika rangi kwa nguvu, kwenye kiini na nje ya kiini. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2010, wagonjwa wa koromeo wenye HPV waliishi miaka 3 kwa asilimia 82.4, wasio nayo 57.1; pengo kubwa namna hiyo wingi wa DNA haujawahi kulitoa kwa uhakika. Kwetu wenye p16 ni wachache kuliko Marekani, na uchanya wake usitumike kupunguza tiba. Kwa anayeipaka Mbeya: jiji liko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95. Agizo la kuchemsha slaidi kwenye nyuzi 97 kwa sufuria ya wazi haliwezekani, na majibu hasi ya uongo hutokea hapo. Tumia sufuria ya presha, na weka daima tonsili ya kawaida kama slaidi ya kulinganisha.

Kuna pia kalenda. Mionzi baada ya upasuaji inapaswa kuanza ndani ya wiki 6, na kwa wagonjwa wengi wa kanda hii mionzi ni katika taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya. Ripoti ya patholojia ikitoka wiki ya pili, rufaa, nafasi na nauli vinaweza kupangika. Bloku ikitumwa kupimwa DNA na ripoti ikazuiliwa hadi majibu yarudi, wiki 6 zimekwisha. Basi ripoti itoke kwanza, na kipimo cha DNA kifuate kama nyongeza.

Ukiamua kutuma bloku, peleka ile yenye displasia au saratani nyingi zaidi na si ile ya kingo, pamoja na slaidi yake ya H&E iliyozungushiwa kalamu eneo la kupimwa. Kwenye fomu andika mahali hasa palipokatwa, siku na saa nyama ilipoingia kwenye formalini na ilipotolewa, aina ya formalini, na kama mgonjwa alishapata mionzi au dawa, kwa kuwa mionzi huacha viini vikubwa vyenye DNA nyingi ambavyo si saratani. Omba grafu yenyewe, CV yake, idadi ya viini vilivyosomwa na jina la seli za kulinganisha. Majibu yenye neno moja tu, "aneuploidi", yarudishwe maabara yakamilishwe.